Uzi maalum: Raha ya nikeli za zamani za Marekani zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani

Mzee wa Senti (mwanzisha uzi)

Wakuu, amani kwenu. Kule kwenye uzi wa noti za zamani kuna wadau walitaka nieleze hii habari ya nikeli, nami niliahidi kuifungulia uzi wake. Huu hapa. Nitashusha kipande kwa kipande, maswali ruksa popote pale.

Kwa wageni: nikeli ni senti tano ya Marekani. Ilianza kugongwa 1866, mwaka mmoja tu baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kuisha. Sarafu za fedha watu walikuwa wamezificha majumbani, mitaani zinazunguka noti ndogo za senti tano zilizochakaa vibaya. Serikali ikatoa sarafu ya gramu 5, robo tatu shaba na robo nikeli, na mchanganyiko huo ndio unaotumika mpaka leo ukiondoa miaka michache ya Vita Kuu ya Pili. Kwa kuwa shaba ndiyo nyingi, sumaku haiishiki. Mliopo Kanada jaribuni na senti tano yenu ya 1922, iliyokuwa nikeli tupu, mtaona inavyonasa.

Sasa kwa nini mtu aache dhahabu na dola za fedha akahangaike na senti tano? Kwangu sababu ni ugumu wa metali yenyewe. Fedha ikigongwa na muhuri wa chuma inalainika na kujaa kwenye kila mchoro. Shaba iliyochanganywa na nikeli haina utii huo. Mihuri ilipasuka upesi, na mafundi ili waiokoe wakawa wanaiachanisha kidogo kwenye mashine, pigo likawa dogo. Matokeo yake nikeli nyingi zilitoka kiwandani hazijakamilika: nywele hazikutokea, nyota hazina kitovu, manyoya ya nyati yamelala. Hapo hata mfukoni mwa mtu hazijaingia.

Kwa hiyo ukikutana na moja ya miaka ya 1920, kutoka Denver au San Francisco, ambayo haijatumika na kila mstari wa mchongaji umesimama, umeshika kitu kilichokuwa adimu tangu siku ile ile kilipogongwa. Mimi raha yangu iko hapo, na ndiyo nitakayoieleza kwenye uzi huu.

Kuhusu gredi kwa ufupi. Kipimo ni 1 hadi 70, kilitungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba, kisha kikachukuliwa kwa sarafu zote. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu isiyotumika, zinaandikwa MS60, MS63, MS65 na kuendelea (MS ni kifupi cha Mint State, yaani hali ya kiwandani). Kampuni kama PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987, zinaikagua sarafu, zinaipa namba na kuifungia kwenye kasha gumu la plastiki. Namba hiyo inakueleza mengi kuhusu mikwaruzo na mng'ao. Kuhusu sarafu iligongwa vizuri kiasi gani, inakueleza kidogo mno, na kwa mkusanyaji wa nikeli hilo ndilo swali kubwa kuliko yote.

Kilosa Junction

Mzee wa Senti, heshima kwako, lakini hapa niache nipingane. Sarafu isiyotumika imeishi wapi? Imekaa imefungwa kwenye karatasi ya benki miaka mia. Mimi nina senti zangu zimesagika mpaka hazisomeki, na kila nikizishika najua zimelipa nauli, zimenunua chumvi, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Hiyo ndiyo historia. Hizo zako ni vito tu.

Mzee wa Senti

Kilosa Junction, hoja yako naiheshimu na sitaki uziache senti zako. Ila fikiria upande wa mchongaji. James Earle Fraser, mchongaji wa nikeli ya nyati ya 1913, alikaa na udongo akatengeneza uso wa Mhindi Mwekundu, mifupa ya shavu, nywele zilizosukwa na kufungwa utepe, manyoya matatu kichwani. Kazi yote hiyo ikashushwa kwenye duara la milimita 21. Miaka kumi ya kupita mikononi inatosha kuifuta nusu yake. Sarafu iliyotumika inanieleza habari za waliolipa kwayo, na hiyo nzima inanionyesha alichokusudia mtu aliyeichonga. Mimi nataka kukiona alichokusudia. Na sarafu zilizobaki nzima zilibaki kwa sababu kuna mtu aliamua kuziweka, nacho ni kitendo cha binadamu kama kulipa nauli.

Tuendelee.

Nikeli ya kwanza inaitwa ya Ngao, ya 1866 hadi 1883, kazi ya James Longacre. Mbele ina ngao, nyuma tarakimu 5 imezungukwa na nyota kumi na tatu, na mwanzoni kulikuwa na miale kati ya nyota. Miale ilizidisha ugumu wa kugonga, ikaondolewa mwanzoni mwa 1867. Mchoro wenyewe haukupendwa na wengi. Joseph Wharton, mwenye machimbo ya nikeli huko Pennsylvania aliyenufaika na sarafu hii kuliko mtu yeyote, naye aliulinganisha na jiwe la kaburi. Mimi naipenda kwa jambo moja: mihuri ilipasuka sana hivi kwamba nikeli za Ngao zisizo na alama ya ufa ni za kutafuta. Chukua lenzi, fuata ukingo, utaona vijistari vyembamba vilivyoinuka kutoka herufi moja hadi nyingine. Ni nyufa za muhuri, zimejichapa kwenye sarafu. Hazipunguzi gredi. Nikiishika ya 1868 ya MS65 huku nyufa zikipita katikati ya nyota, naona jinsi kile chuma kilivyokuwa kinateseka.

Mwaka 1877 na 1878 hazikugongwa za kutumika kabisa, ni za maonyesho tu kwa wakusanyaji. Na ya 1880 zilitoka 16,000 tu za matumizi. Nzima ya mwaka huo ni ya kuonea kwenye katalogi za minada.

Halafu 1883 ikaja ya Uhuru, kazi ya Charles Barber, kichwa cha mwanamke na nyuma herufi kubwa V, yaani tano ya Kirumi. Neno senti halikuandikwa popote. Ukubwa wake unakaribia ule wa sarafu ya dhahabu ya dola tano. Matapeli wakaipaka dhahabu, wakachonga meno kwenye ukingo, wakaingia nayo madukani kimya kimya na kusubiri chenji ya dola tano. Mwaka huo huo kiwanda kikaongeza neno senti chini ya V. Wananchi waliposikia sarafu ya kwanza imekosewa wakazificha kwa wingi wakidhani zitaadimika. Kwa sababu hiyo nikeli ya 1883 isiyo na neno senti ndiyo rahisi kuliko zote za aina hii kuipata ikiwa nzima, na hata mtu wa kipato cha kawaida anaweza kumiliki sarafu ya miaka zaidi ya 140 inayong'aa.

Kwenye nikeli za V mahali pa kutazama ni shada la nyuma. Upande wa kushoto wa fundo la utepe, chini kabisa, kuna suke la mahindi. Nyingi zina suke bapa. Ukikuta punje zote zipo, na nyota za mbele zina vitovu vyake, nunua hiyo ya MS64 uiache ya MS66 yenye suke bapa. Ngumu za mfululizo huu ni 1885, 1886 na 1912-S. Hii ya mwisho ni ya San Francisco, 238,000 tu, iligongwa mwishoni kabisa mwa Desemba 1912, na mojawapo ya zile za mwanzo meya wa mji alilipia nauli ya safari ya kwanza ya tramu ya manispaa.

ThikaRoad

Mzee, umeruka ya 1913! Hiyo ndiyo sisi tumeisikia hata huku Nairobi. Ni ukweli ziko tano tu dunia nzima?

Mzee wa Senti

Tano zinazojulikana, ndiyo. Kwa rasmi nikeli ya Uhuru ilikoma 1912, na 1913 ilikuwa zamu ya nyati. Lakini kuna zilizogongwa bila idhini ndani ya kiwanda cha Philadelphia. Samuel Brown, aliyewahi kufanya kazi pale, ndiye aliyezionyesha hadharani 1920 kwenye mkutano wa wakusanyaji Chicago. Baadaye zote tano ziliangukia kwa tajiri mmoja, Kanali Edward Green. Mfanyabiashara wa sarafu B. Max Mehl wa Texas akatangaza nchi nzima kwamba atalipa dola 50 kwa atakayemletea moja, na katika miaka ile ya dhiki watu wakawa wanapekua chenji zao kila siku. Mehl alijua hakuna atakayeipata. Aliuza vitabu vyake vya bei kwa wingi, na taifa zima likajifunza kutazama tarehe za sarafu.

Mwaka 1996 mojawapo, iliyokuwa ya Louis Eliasberg, ikawa sarafu ya kwanza kupita dola milioni moja mnadani. Ila iliyonigusa zaidi ni ya George Walton. Alifariki kwenye ajali ya gari 1962 akiwa safarini kwenda kwenye maonyesho, sarafu akiwa nayo. Wataalamu wakawaambia ndugu zake kuwa ni ya bandia. Ikakaa kabatini kwa dada yake miongo minne. Mwaka 2003 familia ikaipeleka Baltimore, wataalamu wakailinganisha na zile nne nyingine, wakathibitisha kuwa ni halisi. 2013 iliuzwa zaidi ya dola milioni tatu. Mbili kati ya hizo tano ziko makumbusho.

Ni simulizi tamu, lakini haihusiani na raha ninayoizungumzia. Ile hakuna hata mmoja wetu atakayeishika. Njooni kwa nyati.

Nikeli ya nyati ndiyo moyo wa uzi huu. Fraser aliwachanganya wazee kadhaa kwenye uso mmoja, kati yao Iron Tail wa Lakota na Two Moons wa Cheyenne. Za kwanza Rais Taft alizigawa tarehe 22 Februari 1913 huko Fort Wadsworth, New York, mbele ya viongozi wa makabila ya Wahindi Wekundu, kwenye uwekaji wa msingi wa mnara wa kumbukumbu yao. Mnara haukujengwa kamwe.

Mwanzoni nyati alisimama juu ya kilima, na maneno ya senti tano yaliandikwa juu ya kilima hicho. Yakaanza kufutika upesi mno. Mwaka huo huo kilima kikakatwa kuwa mstari bapa na maneno yakashushwa chini yake. Tarehe waliisahau. Ipo begani mwa Mhindi, mahali palipoinuka, ndiyo maana nyati zilizotumika sana hazina mwaka kabisa. Kuna wanaozimwagia asidi ili tarehe ijitokeze. Inajitokeza kweli, ikiwa na doa lisilofutika, na sarafu imekwisha.

Sasa sikieni jambo lenyewe. Za kilima za 1913 ziligongwa vizuri na ziliwekwa na watu wengi, kwa hiyo nzima zipo na bei zake si za kutisha. Ngozi ya uso wake ina chembechembe laini, haijasawazishwa kama itakavyokuwa baadaye. Ukitoka hapo ukaingia miaka ya 1920, hasa zenye herufi D (Denver) na S (San Francisco) chini ya maneno ya senti tano, unaingia porini. Ya 1926-D inajulikana kwa kugongwa vibaya: kichwa cha nyati hakina manyoya, mkia umepotea, na bado inaandikwa MS64 kwa sababu kweli haijatumika. Ya 1926-S ndiyo pekee ya nyati isiyofika milioni moja, 970,000, na nzima nzuri inafika makumi ya maelfu ya dola. Ya 1931-S ilitoka chache pia, kidogo juu ya milioni, lakini watu walishaamka wakaziweka, kwa hiyo inapatikana nzima kwa bei ya kibinadamu. Uchache kiwandani na uchache katika gredi ya juu ni habari mbili tofauti, na mkusanyaji wa nikeli anaishi kati ya hizo mbili.

Nyota ya Jaha

Mzee wa Senti, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nimevutiwa na hapo kwenye ugumu wa metali. Swali: kama sehemu ya juu ya sarafu ni bapa, unajuaje kwamba haikugongwa vizuri na si kwamba imesagika kwa kutumika? Vyote viwili si vinafanana?

Mzee wa Senti

Marahaba dada. Umeuliza swali lenyewe.

Kisahani kitupu kabla ya kugongwa kina vijikwaruzo na vishimo vidogo vidogo vya kiwandani. Muhuri ukishuka kwa nguvu zote unavifuta vyote. Usipofika, vinabaki. Kwa hiyo weka lenzi ya mara tano au saba juu ya nywele za Mhindi, pale juu ya msuko, karibu na fundo. Ukiona ubapa wenye vishimo hivyo, na bado unang'aa rangi moja na sehemu nyingine, ni pigo hafifu. Ukiona ubapa laini, umefifia, una kijivu tofauti na pembeni yake, hiyo imeguswa na vidole. Kwa upande wa nyati tazama nyonga na bega la mbele kwa namna hiyo hiyo.

Kabla ya lenzi, anza na mwanga. Taa iwe moja, yenye balbu, ya mrija haifai, na chumba kingine kiwe giza. Shika sarafu kwa ukingo, iinamishe taratibu. Nzima halisi itatoa mistari ya mwanga inayozunguka kama spoki za baiskeli, bila kukatika, hata juu ya shavu na juu ya bega. Mng'ao huo ni mikunjo midogo sana iliyoachwa na metali ilipokuwa inakimbia kutoka katikati kwenda ukingoni chini ya muhuri. Ndiyo inayofutika kwanza. Spoki zikifika shavuni zikakatika, hiyo si MS hata iandikweje.

Nikeli ya zamani ikitunzwa vizuri haibaki nyeupe. Inapata rangi ya kijivu kilichochanganyika na dhahabu hafifu, wakati mwingine buluu ya mbali au waridi. Nina ya 1917 ya Philadelphia, rangi yake ni dhahabu iliyopauka katikati, ukingoni buluu, na chini ya rangi hiyo mng'ao unazunguka wote. Hiyo nikiitoa usiku nakaa nayo muda mrefu.

Nyota ya Jaha

Asante sana, nimeelewa. Na zikiwa na uchafu, mnazisafishia nini?

Mzee wa Senti

Hazisafishwi dada. Magadi, majivu, dawa ya meno, ndimu, kitambaa, vyote vinafuta ile mikunjo niliyoitaja na haitarudi. Kampuni za kukagua zikiona imesafishwa hazitoi namba. Kama ina mafuta au gundi, asetoni safi inatosha, unaizamisha, unaitoa, inakauka yenyewe bila kufutwa. Adui mwingine ni vifuko laini vya plastiki ya PVC. Vinatoa majimaji ya kijani yanayoishambulia shaba. Kwa hali ya hewa ya Dar au Mombasa, joto na unyevu, msiziweke humo hata kwa wiki. Kasha gumu, pakiti ndogo za kunyonya unyevu, kabati kavu.

Mjukuu wa Mvita

Ahlan Mzee wangu. Mimi hapa Mombasa nina za kwetu zenye tundu. Ninayo ya heller 10 ya Wajerumani ya 1909, nyeupe, ina taji, na chini kaherufi J. Nyingine ni senti 10 ya Waingereza yenye pembe za ndovu, ya 1911. Babu aliziacha kwenye kopo la biskuti. Hizi nazo ni nikeli kama zako, ama ni kitu kingine?

Mzee wa Senti

Mjukuu wa Mvita, umenifurahisha. Ni ndugu wa damu: shaba na nikeli. Heller 10 zenye tundu zilianza 1908 na za mwisho ni za 1914, hiyo J ni kiwanda cha Hamburg. Waingereza nao senti 10 zao za Afrika Mashariki na Uganda walizigonga kwa metali hiyo mpaka baada ya Vita ya Kwanza, ndipo zikageuzwa bronzi. Nzima za aina zote mbili ni ngumu kweli kuzipata. Huku Marekani 1913 kulikuwa na benki zenye karatasi za sarafu mpya na wakusanyaji wenye chama cha taifa tangu 1891. Kwetu sarafu ilifika ili ilipe kodi na inunue bidhaa, ikatungwa kwenye kamba, ikazunguka. Zilizobaki zinang'aa nyingi ni zile zilizorudi Ulaya mifukoni mwa maofisa na mabaharia. Tazama ukingo wa tundu: kama bado ni mkali na una mng'ao kuuzunguka, hiyo haikukaa kwenye kamba. Usiziguse na chochote. Tuletee picha.

Mjukuu wa Mvita

Ukingo wa tundu kwenye ya Mjerumani ni mkali, wakata kidole. Ya Muingereza imelainika. Inshallah kesho nitapiga picha na mwanga wa balbu kama ulivyosema.

Mzee wa Senti

Nangoja kwa hamu hiyo ya Mjerumani.

Kwa haraka niwape ya Jefferson, maana wengi huidharau. Ilianza 1938 baada ya shindano lililoshirikisha wasanii takriban 390, akashinda Felix Schlag, mzaliwa wa Ujerumani, zawadi dola 1,000. Mbele ni Jefferson, nyuma ni nyumba yake ya Monticello. Hapa wakusanyaji wanapiga hesabu ya ngazi. Mbele ya nyumba kuna ngazi sita, na zikionekana tano au sita bila kukatika wala kuunganishwa na mkwaruzo, kasha linaandikwa FS, yaani ngazi kamili. Ziko sehemu ambayo pigo linafika kwa shida, zimekabiliana na mchoro wa Jefferson upande wa pili, metali inagombaniwa. Za San Francisco za 1953 na 1954 zenye ngazi kamili ni adimu kupindukia, ilhali bila ngazi ni za bei ya chai.

Miaka ya vita, mwishoni mwa 1942 hadi 1945, nikeli ilihitajika jeshini. Sarafu ikafanywa fedha asilimia 35, shaba 56, manganizi 9, na herufi kubwa ya kiwanda ikawekwa juu ya paa la Monticello. Herufi P ya Philadelphia ilitumika hapo kwa mara ya kwanza katika sarafu ya Marekani. Mng'ao wa hizi ni tofauti kabisa, ni wa maziwa, na zikishika rangi zinashika zambarau na kijani. Kuna bwana wa New Jersey, Francis Henning, alighushi nikeli za kawaida kabisa miaka ya 1950, akachagua mwaka 1944 na akaisahau hiyo P. Ndivyo zilivyotambulika.

Kilosa Junction

Sawa, naanza kulainika. Nina jamaa yangu yuko Houston, anarudi Tanzania Disemba. Nimwagize nini, kwa mtu asiye na fedha nyingi? Na je, baadaye itapanda bei?

Mzee wa Senti

Usinunue kwa ajili ya kupanda bei. Mwaka 1950 Denver walitoa 2,630,030 tu, watu wakazinunua karatasi kwa karatasi wakiota utajiri, bei ikapaa miaka ya 1960 mwanzoni, ikaporomoka, na mpaka leo ya 1950-D nzima ni rahisi kwa sababu karibu zote ziliwekwa. Nunua unayotaka kuitazama.

Nianze na 1938-D ya nyati. Ndiyo ya mwisho wa nyati, iligongwa vizuri, ikawekwa kwa wingi. MS65 unaipata chini ya dola 100, na pembe, manyoya ya kichwa, mkia, vyote unaviona. Kwa macho yanayoanza hakuna mwalimu bora, maana ukishajua nyati kamili anafananaje, hafifu utamtambua papo hapo. Kisha moja ya vita, tuseme 1943 au 1944, MS66 ni dola makumi machache. Mfuko ukiruhusu, ongeza 1883 isiyo na neno senti ya MS64, hiyo siku hizi naiona kwa dola mia na kitu. Ya nyati wa miguu mitatu, 1937-D, usiiguse bila kasha. Ile halisi ilitokana na muhuri uliosuguliwa mpaka mguu wa mbele ukafutika, na ina vidoa vilivyoinuka vinavyoshuka kutoka tumboni hadi ardhini. Za bandia ni nyati wa kawaida aliyekwanguliwa mguu, vidoa hivyo hana.

Mwambie jamaa yako anunue ikiwa ndani ya kasha la PCGS au NGC, aingize namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni husika alinganishe na sarafu iliyo mbele yake, mara nyingi kuna na picha. Na asikubali ya kwanza atakayoonyeshwa. Aombe nyati tano za 1938-D za gredi ile ile, azipange chini ya taa, atazame nywele juu ya msuko na bega la nyati, achague mwenyewe. Zote tano zitakuwa zimeandikwa MS65, na moja itakuwa imezishinda zile nne waziwazi. Wauzaji wazuri hawakatai, wananunua wenyewe hivyo hivyo.

Kilosa Junction

Nimemtumia ujumbe huu wote kama ulivyo. Anasema Jumamosi kuna maonyesho ya sarafu karibu na kwake, ataenda na lenzi.

Mzee wa Senti

Safi. Awahi asubuhi kabla meza hazijachaguliwa, na abebe taa yake ndogo, maana za ukumbini ni za mrija. Akishapata, nipigie picha pande zote mbili, mwanga utoke upande mmoja, uziweke hapa tuzichambue pamoja na ile heller ya Mvita.